Mashimo Juu ya Chemchemi

Nyumbani kwa Ogari, msumeno ulianza kazi kabla jogoo hajachoka kuwika.

Watu wa upande ule wa Tabaka huchonga mawe ya sabuni. Si sabuni ya kufulia. Ni jiwe laini, jeupe au la rangi ya waridi, ambalo unalikata kwa msumeno wa kukatia mbao na kulichonga kwa kisu. Ogari hukaa juu ya gunia mlangoni, kiboko wa jiwe mapajani, akimtoa masikio. Mkewe, Nyaboke, ndiye hupiga msasa. Husugua kwa maji, tena na tena, mpaka jiwe liteleze kama samaki. Bila maji hakuna msasa, na bila msasa hakuna mnunuzi.

Maji yalitoka kwenye chemchemi iliyo chini ya kilima. Nyumba kumi na moja zilichota hapo. Nyaboke aliweza kwenda na kurudi kabla uji haujachemka.

Mnunuzi alikuwa Osman, mfanyabiashara wa mjini Kisii. Alikuja na pikapu yake, akapakia vinyago kwenye nyasi kavu, akavipeleka Mombasa kwa shemeji yake, ambaye alikuwa na duka karibu na hoteli za watalii. Zamani Osman alikuja mara moja kwa miezi mitatu. Mwaka huo wa 1973 alikuwa anakuja kila mwezi.

"Hoteli zinaota kama uyoga," alimwambia Ogari. "Wageni wanashuka, kila mmoja anataka kurudi kwao na kitu. Nitengenezee viboko wakubwa mia mbili. Wa waridi."

Ogari alifurahi, halafu akaanza kuwaza. Jiwe la waridi lilikuwa limekwisha kwenye mashimo yake ya juu. Lililobaki lilielekea chini, upande wa chemchemi.

Sasa, pale kilimani palikuwa na desturi moja. Kilima kilikuwa cha ukoo mzima. Aliyefungua shimo, jiwe lake ni lake, maadamu shimo liko wazi. Ukilifukia, umesema umemaliza, na mwingine ana ruhusa ya kuchimba hapo. Kwa hiyo hakuna aliyefukia. Ogari peke yake alikuwa na mashimo manne, na matatu kati yake hakuyagusa tangu mwaka juzi. Jirani yake Nyangau alikuwa na sita. Ukisimama juu ya kilima ungedhani ndui imekipitia.

Ogari akafungua shimo la tano, hatua thelathini juu ya chemchemi. Nyaboke alipoona, alimwuliza kama ana akili timamu.

"Baba Moraa, hapo ndipo tunapokunywa."

"Nachimba jiwe, sichimbi maji," Ogari akamjibu, akaendelea kupiga sululu.

Mvua za Aprili zikaja. Zilinyesha siku nne. Mashimo yote yalijaa, na lile la tano likabomoka upande wa chini. Vumbi la jiwe, vipande na udongo vikateremka pamoja. Asubuhi Nyaboke alifika kwenye chemchemi na mtungi wake akakuta maji meupe kama maziwa. Baada ya wiki hayakuwa hata meupe. Yalikuwa tope, na tope likaziba jicho la chemchemi.

Wanawake wa nyumba zile kumi na moja wakaanza kwenda mtoni. Kwenda na kurudi ni asubuhi nzima. Walipompita Ogari mlangoni hawakumsalimu. Mmoja alimwuliza kama viboko wake wana kiu. Nyaboke alileta mtungi mmoja kwa siku, wa kupikia na kunywa. Wa msasa haukuwapo. Viboko tisini wakapangwa ukutani, wakiwa na mikwaruzo kama waliokwaruzwa na paka.

Nyaboke hakugombana tena. Alivaa kitambaa chake kizuri akaenda zahanati kumwona bwana afya.

Bwana afya aliitwa Thadeus. Watu wote walimjua kwa sababu ya vyoo. Akionekana na baiskeli yake, wasio na choo walikumbuka safari. Ogari alipomwona anapanda njia ya nyumbani, aliingia nyuma ya migomba.

"Toka, Bwana Ogari," Thadeus akamwita. "Choo chako nilishakiona mwaka jana, ni kizuri. Leo nimefuata maji."

Ogari akatoka, akijipangusa majani.

Thadeus hakuhutubia. Aliomba makopo mawili ya mafuta ya kupikia, akayatoboa matundu chini kwa msumari. Katika kopo moja aliweka bonge la nyasi pamoja na udongo wake. Katika la pili alitia vumbi na vipande vya jiwe kutoka mlangoni kwa Ogari. Akayatundika kwenye tawi, akamwaga kikombe cha maji katika kila moja.

Kopo la vumbi lilimwaga maji meupe mara moja, halafu likanyamaza. Kopo la nyasi lilikaa kimya. Walipokuwa wamekwisha kulisahau, likaanza kudondosha. Maji yake yalikuwa safi, na lilidondosha mpaka wakamaliza chai.

"Kilima chenu kilikuwa hivi," Thadeus akasema, akionyesha kopo la nyasi. "Mvua inanyesha Aprili, kilima kinameza. Januari, wakati wa jua, bado kinawapa kidogo kidogo. Mmekivua nyasi, mmekiachia mashimo wazi. Sasa kinatapika yote siku ile ile."

"Kwa hiyo tuache kuchonga?" Ogari akauliza. "Tule nyasi?"

"Sikusema hivyo. Jiwe lipo, chimbeni. Lakini msiikaribie chemchemi kwa hatua mia moja. Na shimo likiisha, lifukieni kwa kifusi chenyewe, juu mweke udongo mweusi, mpande nyasi za nepia. Ng'ombe watakula."

Ogari akasema yeye alikuwa amefikiri kupanda mikaratusi pale chini, maana hukua haraka na huuzwa. Thadeus akatikisa kichwa. Alieleza kwamba mti ule hunywa sana, na ukiupanda penye chemchemi utakausha kile ambacho tope lilisaza. Penye maji wapande mikuyu na miti ya kienyeji iliyokuwapo tangu zamani.

Hapo Ogari akatoa lililokuwa moyoni. Akifukia mashimo yake, Nyangau atachimba kesho yake. Thadeus alikubali kwamba hilo halikuwa jambo la afya. Hakuwa na kopo la kulionyesha.

Osman naye akafika saa hizo hizo kuchukua mzigo. Alipoona viboko wenye mikwaruzo aliuliza ni ugonjwa gani. Alipoelezwa, hakukasirika kama walivyotarajia. Alikaa juu ya gunia la Ogari.

"Shemeji yangu alianza kwa kuuza makombe ya bahari," alisema. "Si mawe. Makombe na matumbawe. Wavuvi walikuwa wanayang'oa kwenye mwamba maji yakipwa, wageni wananunua. Hoteli zikaongezeka, wavuvi wakang'oa zaidi. Ikafika siku mgeni anaingia majini na miwani yake ya kuzamia, anatoka anasema, mbona hakuna kitu? Mwamba mtupu, na samaki wamehama. Wageni wakahamia ufuo mwingine. Shemeji akabaki na duka na kabati la makombe, mpaka alipowafuata huko na mawe yenu."

"Wale wavuvi je?" Nyaboke akauliza.

"Walikosa wageni, wakakosa na samaki."

Nyaboke akamtazama mumewe. Ogari akatazama chini.

Osman akaongeza la biashara. Viboko wakubwa, alisema, wengi huvunjika njiani, na mgeni wa ndege hapendi mzigo mzito. Vitu vidogo vilivyong'arishwa vizuri vinatoka haraka zaidi: visahani vya kiganjani, samaki, mayai. Kwa jiwe la kiboko mmoja ungepata samaki kumi na wawili. Ogari alishangaa kwamba Osman hakusema hayo tangu mwanzo. Osman akasema hakuna aliyemwuliza.

Jumapili wenye mashimo walikutana kujadili ushauri wa Thadeus. Nyangau alikuwa wa kwanza kukataa.

"Ogari ameharibu maji, sasa anataka sote tufukie ili achimbe peke yake. Mwana wa kwetu, mimi sikuzaliwa jana."

Watu wakacheka, na Ogari akaona amekwama. Ni kweli alikuwa ameharibu. Akasimama, akasema jambo ambalo hakuwa amelipanga.

"Nitafukia langu la tano kwanza, kesho, mbele yenu. Hilo lenye waridi. Na yeyote akitaka kulifukua, alifukue mbele ya mke wake."

Wanawake waliokaa pembeni walicheka zaidi ya wanaume. Nyangau alimtazama mkewe, akaona uso wake, akakaa.

Mzee mmoja ndipo alipotoa njia. Shimo likifukiwa, mwenyewe apande mkonge kwenye pembe nne. Mkonge usimame badala ya shimo. Haki ya mtu ikae hapo hapo, hata kama nyasi zimeota. Na jiwe lichimbwe shimo moja moja, upande wa juu, kwa zamu.

Wakaita risaga, ile kazi ya pamoja ambayo Wagusii hufanyiana wakati wa kulima. Hawakuwahi kuitumia kwa mawe. Ilichukua siku saba. Wanaume walifukia, wanawake wakazibua jicho la chemchemi, wakalizungushia mawe kama Thadeus alivyowaonyesha. Siku ya tatu Nyangau alikuja na sululu. Alianza na shimo lake mwenyewe.

Maji hayakurudi siku ile. Mwezi wa Juni yalidondosha. Agosti mtungi ulijaa kabla hujamaliza kusalimiana na mwenzako. Nyaboke akarudi kwenye msasa. Osman alipotaka mzigo mara mbili, Ogari alimwambia zamu ya shimo haijafika, achukue nusu. Osman alinung'unika, akaondoka na pikapu akitimua vumbi. Baada ya wiki mbili alirudi akachukua nusu.

Februari ilikuja na jua kali. Asubuhi moja Nyaboke alikuta wanawake sita kwenye chemchemi ambao hakuwafahamu. Walitoka kilima cha pili. Walisema kwao kumekauka tangu Krismasi, na kabla ya kukauka maji yalikuwa meupe. Waliomba zamu, kwa unyenyekevu, wakiwa wameshika mitungi kifuani.

Nyaboke aliweka wake chini, akawasogezea nafasi.

"Chukueni," alisema. "Lakini wanaume wenu wana mashimo mangapi wazi?"

Walitazamana. Mmoja akaanza kuhesabu kwa vidole, na vidole havikutosha.

"Basi kesho njooni nao," Nyaboke akasema. "Waje waone nyasi zetu."