Saa ya Mwisho ya Kura

Aizirek alipotoka shule alivua mabuti mlangoni, akayakung'uta theluji, kisha akaongeza makaa jikoni ili nyumba isipoe kabla mama yake hajarudi kutoka kazini. Bibi yake alimmiminia chai, akamkatia mkate na kuupaka jamu ya aprikoti. Nyumbani kwao simu haikuguswa kabla ya chai na kazi za shule. Basi Aizirek alikula upesi, akafanya hesabu zake upesi, maana kulikuwa na watu wakimsubiri.

Watu hao walikuwa kwenye jukwaa la mtandaoni la maktaba ya watoto ya mji wa Karakol, ambako watoto wa mjini na wa vijiji vya jirani waliandikiana kuhusu vitabu, vitendawili na michezo. Majira yale ya baridi mchezo uliopendwa kuliko yote uliitwa Kijiji cha Mbwa Mwitu. Wachezaji walikuwa kumi na wanne, na makumi ya watoto wengine waliufuatilia kwa kusoma tu. Aizirek, aliyekuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, ndiye aliyeuendesha.

Mchezo wenyewe si mgumu. Msimamizi huchagua kwa siri wachezaji wawili wawe mbwa mwitu, na waliobaki huwa wanakijiji. Kila siku mbwa mwitu humwandikia msimamizi kwa siri jina la mtu waliyemla, naye hutoka mchezoni. Kisha wote hujadiliana hadharani na kupiga kura ya kumfukuza mmoja wanayemshuku. Kura zikilingana, hafukuzwi mtu. Msimamizi peke yake ndiye anayejua siri yote, na kwa sababu hiyo yeye hachezi.

Aizirek aliandika kanuni hizo vizuri siku ya kwanza, na saa ya mwisho ya kupiga kura akaiweka saa kumi na mbili jioni. Lakini hazikupita siku mbili kabla hasira haijaanza kumpanda. Wengine walipiga kura bila kusoma kanuni. Ulan, mvulana wa shule ya jirani, alijibu kila kitu kwa mzaha. Mmoja alitoweka bila kuaga, na wenzake wakabaki wakimngoja. Badala ya kuwaandikia wahusika faraghani na kuwauliza kulikoni, Aizirek aliwakaripia mbele ya wote. "Kama hamna akili ya kusoma mistari kumi," aliandika, "nendeni mkacheze na wadogo zenu."

Wakati huohuo yeye mwenyewe hakuwa akizifuata kanuni zake. Siku ya kwanza alifunga kura saa kumi na moja kwa sababu alitaka kwenda kuteleza kwenye barafu. Siku ya pili aliifunga saa moja kwa sababu bibi yake alimtuma dukani.

Msichana mmoja aliyeitwa Saltanat akauliza juu ya jambo hilo. Yeye aliishi Boz-Bulak, kijiji kilicho juu milimani, ambako mtandao haukushika nyumbani. Ilimbidi apande kilima kilicho nyuma ya shule yao kila jioni, asome, aandike, kisha ateremke kabla vidole havijafa ganzi. Aliandika kwa adabu kwamba kanuni zilisema saa kumi na mbili, na kwamba yeye aliyepanda kilima angependa kujua ni saa ipi inayofuatwa. Watoto watano wakaweka alama ya kukubaliana naye.

Hapakuwa na tusi hata moja katika maneno yale. Yalimchoma Aizirek kwa kuwa yalikuwa kweli. Alimwambia Jibek, binti wa mjomba wake ambaye pia alikaa naye dawati moja, kwamba yule msichana wa milimani anajifanya mwalimu. Tangu siku hiyo kila alipoliona jina la Saltanat alihisi moto kifuani.

Siku ya tatu walibaki wachezaji tisa. Saltanat aliandika maelezo marefu, akaonyesha jinsi Jibek alivyowatetea watu fulani na kuwageuka siku iliyofuata. Alipomaliza alipiga kura yake dhidi ya Jibek. Ilikuwa saa kumi na mbili kasoro dakika kumi. Saa kumi na mbili ilipofika, kura tano zilikuwa za kumfukuza Jibek na nne za kumfukuza Ulan.

Saltanat alikuwa amepatia. Jibek kweli alikuwa mbwa mwitu, na Aizirek alilijua hilo.

Simu ikalia. Jibek alikuwa na hasira mpaka sauti inakwaruza. Alisema ni aibu kutolewa mapema hivyo, tena na mtu ambaye hata hawamjui. "Utaona kesho atakavyojigamba," akasema. "Na wewe umekaa tu unamtazama."

Jibek hakumwomba afanye lolote. Lakini Aizirek alipokata simu, kidole chake kilikuwa tayari kwenye ukurasa wa kanuni. Alifuta maneno "saa kumi na mbili," akaandika "saa kumi na moja na nusu." Kisha akatangaza kwamba kura ya Saltanat ilichelewa, kwa hiyo haihesabiwi, kura zimelingana, nne kwa nne, na hakuna aliyefukuzwa.

Kesho yake Saltanat akapinga. Aliandika kwamba kanuni zilisema saa kumi na mbili. Aizirek akamjibu arudi akasome. Watoto wengine nao wakaenda kusoma, wakaona saa kumi na moja na nusu. Siku zote mbili zilizotangulia kura ilifungwa saa tofauti, hivyo hakuna aliyekuwa na hakika ya alichokikumbuka. Wakaanza kumcheka. Ulan aliandika kwamba labda saa za milimani huganda kwa baridi. Mwingine akasema huyu ni mwongo asiyekubali kushindwa. Aizirek angeweza kuwanyamazisha kwa mstari mmoja. Badala yake aliandika: "Saltanat anadanganya na kumvunjia heshima msimamizi. Nimemwondoa mchezoni." Akamfungia asiweze kujibu.

Usiku ule alilala vizuri. Asubuhi alikuwa bado na hasira, ila hakujua tena anamkasirikia nani.

Jumapili iliyofuata Aizirek na Jibek walikuwa maktabani, wamekaa karibu na dirisha. Dada Baktygul, mkutubi ambaye pia ndiye mlezi wa jukwaa lile, alikuwa akibandika namba kwenye vitabu vipya. Mlango ukafunguliwa, akaingia msichana mwembamba aliyevaa koti kubwa kupita mwili wake, mashavu yamebabuka kwa baridi. Alikuwa ametoka soko la mifugo, ambako alikuja alfajiri na babu yake kuuza kondoo. Mkononi alishika daftari.

Alimwamkia Dada Baktygul, kisha akauliza Aizirek ni nani.

"Ni mimi," Aizirek akasema.

"Mimi ni Saltanat. Umeniita mwongo."

Hakupaza sauti. Alilifungua daftari juu ya meza. Kwa kuwa mtandao ulimpata kilimani tu, siku ya kwanza alizinakili kanuni zote kwa mkono ili azisome nyumbani. Mstari wa sita ulisema: saa kumi na mbili jioni.

Damu ilimpanda Aizirek usoni. Akasema daftarini mtu anaweza kuandika chochote anachotaka, hata jana usiku.

Dada Baktygul akaweka chini kitabu alichokishika. Aliwataka wamweleze yaliyotokea, kila mmoja kwa zamu, na akawasikiliza wote wawili bila kumkatiza yeyote. Alipomaliza kusikiliza alimuuliza Aizirek mara moja tu kama alibadilisha kanuni. Aizirek akasema hapana. Ndipo mkutubi akakaa mbele ya kompyuta, akafungua sehemu ambayo walezi wa jukwaa peke yao huiona, akaugeuza uso wa kompyuta uwatazame. Kila andiko lililowahi kubadilishwa lilitunzwa pale, la zamani na jipya, pamoja na saa. Kanuni za mchezo zilibadilishwa siku ya tatu, dakika saba baada ya kura kufungwa, na aliyezibadilisha alikuwa Aizirek.

Kisha Jibek akasimama, akachukua kofia yake.

"Sikukuomba ufanye hivyo," akamwambia. "Sasa kila mtu atasema ni mimi niliyekutuma." Akatoka.

Aizirek akamtazama Saltanat, akasema kwa sauti ndogo, "Nisamehe."

"Sitaki uniombe hapa," Saltanat akajibu. "Hapa tuko watatu. Uliniita mwongo kule, wakasoma watu wote. Hata watoto wa darasani kwetu walisoma. Wiki nzima wananiuliza saa ngapi kilimani. Nenda ukayafute kulekule."

Dada Baktygul akampisha Aizirek kwenye kiti. Aizirek aliandika, akafuta, akaandika tena. Mwishowe ukurasa ulisema: "Kulitokea hitilafu katika saa ya kura. Tunaomba radhi kwa wote waliosumbuka."

Saltanat akausoma akiwa amesimama nyuma yake. "Hitilafu ilitokea yenyewe?" akauliza. "Na hao wanaoomba radhi ni nani?"

Machozi ya hasira yalimtoka Aizirek. Alitaka kuinuka aondoke kama Jibek. Mkutubi hakumzuia wala hakumbembeleza. Alisimama tu akisubiri. Aizirek akajifuta kwa mkono wa sweta, akaandika upya: "Mimi Aizirek nilibadilisha kanuni baada ya kura kufungwa, ili Jibek asifukuzwe. Jibek hakuniomba. Saltanat alisema kweli tangu mwanzo. Mimi ndiye niliyedanganya, na nikamfungia ili asijibu. Saltanat, nisamehe."

Saltanat alisoma mpaka mwisho, akatikisa kichwa kukubali, akachukua daftari lake. Babu yake alikuwa akimngoja nje.

Majibu yalianza kuingia kabla ya adhuhuri. Hayakuwa mazuri. Waliofukuzwa siku za nyuma waliuliza kama wao pia walidhulumiwa. Wengine walisema wamepoteza siku zao bure. Ulan aliandika kwamba anajuta kwa mzaha wake wa saa zilizoganda, kisha akamuuliza Aizirek kwa nini aliwaacha wamcheke mtu asiye na kosa. Dada Baktygul alimwagiza Aizirek asome yote, asifute hata moja, na amjibu kila aliyeuliza swali. Uendeshaji wa michezo akamnyang'anya mpaka majira ya kuchipua. Mchezo ule ulifungwa, ukaanzishwa mwingine chini ya Ulan, na safari hii orodha ya siri aliiona pia mkutubi. Katika mchezo huo mpya Aizirek alifukuzwa kwa kura siku ya kwanza kabisa, ingawa alikuwa mwanakijiji wa kawaida. Akawatakia wenzake mchezo mwema, akatoka.

Saltanat alirudi kucheza, lakini na Aizirek hakusema naye. Jibek naye alihamia dawati jingine kwa muda.

Wiki ya tatu Aizirek alishindwa kuvumilia. Alikwenda maktabani akamlalamikia Dada Baktygul kwamba amekiri, ameomba radhi, amejibu maswali yote, na bado watu wamemnunia kwa ajili ya mchezo tu.

Dada Baktygul alimvutia kiti.

"Mchezo tu ulikuwa kwako," akasema. "Kwa mtoto anayepanda kilima kwenye theluji ili apige kura moja, haukuwa mchezo tu. Sikia, mdogo wangu. Anayeendesha mchezo hana rafiki ndani yake, wala adui. Kanuni huziandika kabla, na zikishaanza kutumika naye huzitii kama mwingine yeyote. Akikosea, huandika hadharani kwamba amekosea, hafuti alichoandika jana. Mwenye kosa humwita pembeni. Aliyeshindwa kuendelea humtafutia wa kushika nafasi yake. Na mtu akimuuliza swali la haki, humshukuru, kwa sababu huyo ndiye anayeulinda mchezo."

Aizirek akauliza ni lini watamwamini tena.

"Hilo si lako kupanga saa yake," mkutubi akasema. "Wewe sema kweli kila siku, hata siku ambayo hakuna anayekagua. Wao wataamua wenyewe."

Akampa rundo la vitabu vilivyorudishwa. Aizirek akavibeba mpaka kwenye rafu, akaanza kuvipanga kimoja kimoja kwa namba zake.