Niliandika Jinsi ya Kuiba Mtihani, Ukaibwa Kweli!

"Ni yeye! Nakaa naye chumba kimoja mwaka wa tatu huu, namjua!"

Jamani, aliyesema hivyo ni Pacha wangu!

Si pacha wa kuzaliwa. Tulipeana jina hilo tangu mwaka wa kwanza kwa jinsi tulivyokuwa chanda na pete. Leo ananinyooshea kidole mbele ya kamati nzima ya nidhamu...

Mtihani wa mwisho ulikuwa umeibwa na kuzagaa chuo kizima. Wakatafuta mwizi, wakaniangukia mimi.

Mwenyekiti, mama wa makamo asiyecheka ovyo, akanisukumia karatasi nne.

"Binti, huu ni mwandiko wako?"

Nikazigeuza moja moja, zote zangu!

"Ndiyo, mama... lakini hiyo ni kazi ya darasani!"

Ngoja niwaeleweshe. Mimi nasoma vitu viwili kwa mpigo, usalama wa mtandao na haki jinai. Mwalimu wa mtandao alituambia tujifanye wezi, tueleze jinsi tutakavyoiba mtihani. Nami kwa kiherehere changu nikamwaga kila kitu. Kompyuta gani ya maabara, fundi anatoka saa ngapi kwenda kula, nywila imebandikwa chini ya meza ipi...

Mwizi alifuata hatua zangu zote bila kuruka hata moja! Mwalimu alipoona wizi umefanana na mpango wangu, akazipeleka karatasi zangu kwenye kamati.

"Nani mwingine aliusoma mpango huu?" mwenyekiti akauliza.

"Pacha! Niliziacha mezani chumbani kwetu siku nzima..."

"Muongo!" Pacha akaangua kilio, machozi ya kweli kabisa. "Nimekukosea nini mimi?"

Nikanywea. Simu walishachukua, laptop walishachukua, mlinzi kasimama mlangoni. Nilibaki na mdomo tu, na kila nilipoufungua nilizidi kujichimbia shimo. Mama yangu katangazia mtaa mzima kwamba bintiye atakuwa mpelelezi, na mimi nafukuzwa chuo kwa wizi!

Hapo ndipo nikakumbuka...

"Mama mwenyekiti, naomba aitwe mwalimu wa haki jinai! Yeye alitaka tueleze jinsi ya kumkamata mwizi, nami nikamchagua huyo huyo wa mtihani. Nilimpelekea yangu Ijumaa."

Pacha akaacha kulia ghafla. Yeye anasoma mambo ya kompyuta tu. Hiyo nusu ya pili hakuwahi kuisikia.

Mwalimu akaja na karatasi zangu, hata hajazisahihisha. Akasoma kwa sauti:

"Mwizi atafuta kila kitu kwenye kompyuta. Lakini atasahau printa, ambayo hutunza namba ya kadi ya mwanafunzi kila anapochapa."

Fundi wa maabara akatumwa.

Robo saa nzima, wapendwa! Nikiwa nimekaa, wazo baya likanijia. Kadi yangu huwa naitupa popote mle chumbani. Je, kama alitumia yangu?

Fundi akarudi. Akasoma namba polepole...

Ilikuwa ya Pacha!

"Nilikuwa nafeli!" akapiga kelele. "Halafu wewe ndiye uliyenifundisha!"

Hilo la mwisho lilinichoma, maana lilikuwa kweli.

Mlinzi akamtoa nje. Mwenyekiti akanirudishia simu na kuniambia niko huru. Nikasimama niondoke, mwalimu wa haki jinai akanizuia.

"Soma mwenyewe mistari yako ya mwisho."

Nikasoma:

"Mwizi hatamsingizia adui yake, maana adui hujilinda. Atamsingizia rafiki anayemwamini yeye, maana huyo huacha kila kitu wazi."

Ndugu msomaji, badilisha nywila zako utakavyo, ila mtazame vizuri na unayemwachia mlango wazi. Darasani nililijua hilo vizuri kuliko wote. Chumbani kwangu sikulijua kabisa.

Mistari ile niliiandika Alhamisi mchana nje ya maktaba, huku nakula chakula alichonifungia Pacha.