Bi Eliza na Presha ya Macho

Eliza alizaliwa Likoma, kisiwa cha Malawi. Akiwa msichana alivuka Ziwa Nyasa na wazazi wake, wakahamia Liuli, upande wa Tanzania. Huko aliolewa na Cleopa, mvuvi wa dagaa.

Eliza alijua kuchora. Kwa miaka kumi na minane alikuwa mhariri wa picha wa gazeti la watoto mjini Songea. Alipostaafu alirudi Liuli, akajenga chumba cha kuchorea. Watoto walijifunza humo bure. Rangi na karatasi alinunua yeye.

Siku moja alimaliza picha ya wanawake wakianika dagaa. Binti yake, Flavia, akamuuliza kwa nini upande wa kushoto ni mweupe.

"Nimeumaliza huo," Eliza alisema.

Flavia alitambua kuwa mama yake hauoni upande ule.

Eliza hakusikia maumivu, kwa hiyo walingoja. Jirani mmoja alisema ni uzee. Mwingine alisema amerogwa, kwa kuwa ni mgeni aliyefanikiwa. Cleopa alileta maji ya majani, wakayatia machoni kwa miezi saba. Jicho la kushoto likazimika kabisa.

Chumba cha kuchorea kikafungwa. Eliza alilala ameelekea ukutani. Alimwomba Cleopa amrudishe Likoma, akafie kwao.

Ndipo Notburga, muuguzi wa macho, alipofika kijijini kupima watu. Flavia alimwomba aje nyumbani. Notburga alimwamkia Eliza, akamchunguza, kisha akawapeleka hospitali Songea. Baada ya vipimo aliketi nao.

"Ni presha ya macho, mama," alisema. "Haiumi. Inaua mshipa wa kuonea polepole, mara nyingi ikianzia pembeni."

"Nitaona tena?"

"Kilichopotea hakirudi. Sitakudanganya. Dawa ya matone italinda kilichobaki. Utaitumia kila siku, maisha yako yote."

Cleopa aliuliza kama ni yeye aliyeliua jicho.

"Majani hayakutibu, baba. Na muda ulipita."

Cleopa alifunika uso kwa mikono.

Notburga akaeleza kuwa ugonjwa huu hufuata ukoo. Flavia, mwenye miaka arobaini na moja, apimwe pia. Flavia alisema yeye anaona vizuri.

"Mama yako naye alidhani hivyo."

Flavia akapimwa. Presha ilikuwa juu katika macho yote mawili. Akaanza dawa siku hiyo hiyo.

Sasa ni miaka miwili. Eliza hajashika brashi tena. Huona kilicho mbele yake tu, kama anayechungulia tunduni. Kuna siku hataki kula. Lakini kila asubuhi na jioni Flavia humtia mama yake dawa, kisha hujitia mwenyewe.

Mwezi uliopita walirudi Songea kupimwa. Jicho la Eliza lililobaki halikuzidi kuharibika. Mishipa ya macho ya Flavia ilikuwa mizima. Daktari alipowasomea majibu, Eliza aliupapasa mkono wa binti yake, akaushika.

"Basi, mmoja wetu amewahi," alisema.