Uji wa Jana

Kila asubuhi ya likizo, kazi ya Kalamu ilikuwa kupika rangi. Aliitwa Kalamu kwa sababu penseli haikumtoka sikioni. Mama yake alilea watoto watano wa majirani sebuleni, wote wa mwaka mmoja na kitu, nao walichora kwa viganja. Rangi yao ilikuwa uji mzito wa ngano uliopoa, uliotiwa rangi ya keki.

Jumatatu Kalamu alimwonyesha mama picha aliyoichora kwa siku mbili.

"Nzuri," mama alisema bila kugeuka. Alikuwa anamtazama Kibonge, mjukuu wa bibi mshona nguo wa nyumba ya pili, akivuruga nyekundu na buluu kwa viwiko. "Jamani, njooni mwone! Kibonge kapata zambarau!" Akapiga makofi.

Kalamu akaikunja picha yake mara nne.

Jumanne hakupika. Alichukua mabakuli ya Jumatatu yaliyolala dirishani, akakoroga utando wa juu ukapotea.

"Umepika upya?" mama aliuliza.

"Ndiyo, mama."

Moyoni alisema: nihangaike jikoni mimi, makofi wapigiwe wao?

Kibonge alipaka, akalamba kiganja, akapaka tena. Mama akawafuta wote, akawalaza. Kibonge aliamka akitapika.

"Ni maziwa haya," mama alisema, akinusa chupa ambayo Kibonge alikuja nayo kutoka kwao. "Bibi yake siku hizi hachemshi. Leo nitamwambia."

Alimnywesha Kibonge maji kwa kijiko. Wenzake wanne walipoamka na kuanza kulia, aliyarudisha mabakuli mkekani wapate kutulia. Mdogo kuliko wote akatumbukiza mkono mpaka kwenye kifundo, akauelekeza mdomoni.

Kalamu akaudaka. "Mama, usiwape! Si maziwa. Uji ni wa jana. Sikupika."

Mama aliondoa mabakuli, akaosha mikono yote minane, kisha akamtuma Kalamu amwite bibi na kumweleza mwenyewe.

"We mtoto!" bibi alifoka, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. "Na mimi nachemsha maziwa mpaka sufuria inaomba radhi!"

Alimbeba Kibonge hadi zahanati. Jioni walirudi na pakiti za chumvi ya kuchanganya na maji. Kibonge alikuwa anacheka.

"Kwa nini ulifanya hivyo?" mama akauliza.

"Wao wanachafua mkeka, unawapigia makofi. Mimi nachora siku mbili, hata hugeuki."

"Hapo nimekosa, na ungenivuta gauni ukaniambia. Lakini Kibonge hajakunyima kitu. Mtoto wa umri ule hatofautishi rangi na chakula. Anatia mdomoni tunachompa. Ukiwa na kinyongo na mimi, nidai mimi. Na ukikosea, sema mapema. Leo nilikuwa namsingizia bibi wa watu, huku nikiwawekea wanne wengine mabakuli yale yale."