Barua za Barnaba Zinakuja Kwangu

Simu ililia saa nane na dakika tano usiku, ule mlio mfupi wa barua pepe kuingia, na kabla sijafumbua macho sawasawa nikamsikia mwanangu akiitika, "Naam."

Diana ana miaka mitatu. Ni mtoto wa kike, ukimwita anasema "abee", ndivyo bibi yake alivyomfundisha, na naam hajawahi kuisema hata kwa utani. Nikawasha tochi ya simu. Alikuwa amelala chali, macho amefumba, kichwa kimegeukia mlangoni kama mtu anayemsikiliza mgeni. Ile barua haikuwa na mtumaji. Ndani kulikuwa na neno moja tu: Barnaba.

Barnaba alikuwa karani mwenzangu hapo Mpemba, jirani na mpaka wa Zambia, ofisi yetu inashughulikia karatasi za mizigo ya kwenda Zambia na Kongo. Alikufa mwezi wa tatu. Trela lilikatika breki likamfuata pembeni alikokuwa amesimama. Wiki moja baada ya mazishi bosi Eliakim akaniambia, "Mama Diana, wateja wa Lusaka bado wanamwandikia Barnaba. Fanya barua zake zije kwako."

Kazi yenyewe ndogo. Kwenye seva ya barua, ile kompyuta inayogawa barua za ofisi nzima, kuna faili la majina. Unaandika jina la mtu, nukta mbili, halafu jina la atakayepokea badala yake. Nikaandika barnaba: atupele, nikaiamuru seva isome upya, nikaenda kunywa chai. Atupele ni mimi. Sikumwuliza mtu. Nani anaombea ruhusa kitu kama hicho?

Usiku wa pili simu ikalia saa ileile. "Barnaba, nimefika mlangoni." Diana akaitika tena, safari hii kwa sauti ya mtu aliyevuta sigara miaka, na nilipomkumbatia nywele zake zilinuka breki zilizoungua, ule moshi mkali wa malori yakiteremka, na kwetu hakuna lori wala lami, kuna kuku na kibanda cha kuni tu, nikakaa nimemkumbatia hivyo hivyo, nasikia kitasa kikiguswaguswa kama mtu anayejaribu funguo moja baada ya nyingine bila haraka, mpaka jogoo akawika.

Mama mkwe wangu, mama Loisi, alikuwa amekuja kutoka Igamba kunisaidia mtoto, maana baba yake yuko safarini Kongo na lori. Asubuhi nikamweleza yote. Akaacha kuchambua maharage.

"Jina la marehemu umelichukua wewe?"

"La kwenye kompyuta tu, mama."

"Kwetu jina la marehemu ukoo unalikalia kikao kwanza. Wanaangalia nani alibebe, na lilikuwa linafuatwa na nini. Wewe umejitwisha tu kama ndoo ya maji."

"Lilikuwa linafuatwa na nini?"

Akashusha sauti. "Barnaba alikuwa anaitwa usiku, watu walijua. Jini la namna hiyo linaita mara tatu. Ukiitika ya tatu, umeondoka nalo. Huyu ameitika ngapi?"

"Mbili."

"Mpeleke kwa mchungaji, leo hii."

"Mchungaji hajui kufungua seva, mama. Nimelikaribisha mimi, nitalitoa mimi."

"Haya, msomi wetu. Ukishindwa usiniletee kilio hapa." Lakini mtoto alinifunga mgongoni yeye mwenyewe, na fundo akalikaza mara mbili.

Bosi alinikuta mlangoni pa chumba cha seva. "Jina la Barnaba usiliguse. Nusu ya kazi inaingia kwa jina hilo. Ukilifuta, kazi huna."

"Nifukuze," nikamwambia, nikapita.

Mle ndani moshi wa breki ulikuwa umejaa, na hakuna kilichokuwa kinaungua. Nikafungua faili. Mstari wangu ulikuwepo, barnaba: atupele. Chini yake kulikuwa na mwingine ambao sikuuandika: atupele: diana. Yaani barua ilikuwa inapita kwangu kama mtu anayekatiza sebuleni kwenda chumba cha mtoto. Nikaufuta. Nikatazama tena, umerudi. Nikaufuta, ukarudi, na simu ikalia ndani ya mkoba, mchana kweupe, halikusubiri usiku, Diana akanyanyua kichwa mgongoni kwangu, nikasikia anavuta pumzi ya kuitika, nikapeleka mkono nyuma nikamziba mdomo, akaniuma, sikuachia, na kwa mkono mmoja nikafuta mstari wa Barnaba, nikafuta na jina langu mwenyewe, sanduku zima, barua za miaka minne, ili pasibaki hata njia ya mguu mmoja, nikaiamuru seva isome.

Kwenye kioo ikatokea: hakuna mtu wa jina hilo hapa.

"Mama, unaniumiza," Diana akasema. Sauti yake. Nikalia kidogo, ila kidogo tu, kwa sababu majina yalikuwa yanaendelea kushuka kwenye kioo. Lilikuwa linajaribu. Atupele, hakuna. Diana, hakuna. Likaja kwa ndugu zangu. Restuta, hakuna. Ambwene, hakuna.

"Bisha mpaka uchoke," nikaliambia. "Huku hakuna wa kukuitikia."

Eliakim. Hapo majina yakasimama.

Nje simu ya bosi ikalia. Nilitoka mbio nikamkuta ameitazama, midomo imeachana.

"Usiitike, bosi."

Akafunga mdomo. Akanong'ona, "Nifanyeje?"

"Sogea nifute na la kwako."

Akasogea. Kazi ninayo mpaka leo. Ofisi yetu haina tena anwani yenye jina la mtu. Mteja anaandikia mizigo, au forodha, na anajibiwa. Bado linabisha. Kila asubuhi nakuta orodha ya majina liliyojaribu, nasoma mpaka mwisho huku nakunywa chai, halafu nafuta. Bosi aliniapisha nisilisimulie, maana anayesimulia hutaja watu.

Kwa hiyo majina niliyoandika humu si yetu, la mtoto ndiyo kabisa. Nimekwambia wewe, na simwambii mwingine.