Mboga Chapwa ya Husna

"Bakuli hili si la kwako?"

Husna alilinyanyua juu, mtaa mzima wa Mkata ulione.

"La kwangu," Mwantumu akajibu, mikono kiunoni. "Kwani limeiba?"

"Nimelikuta chini ya kitanda changu!"

Wee! Waliokuwa wanachota maji wakatua ndoo. Mwantumu alikuwa mjane, muuza samaki pale stendi, mlango kwa mlango na Husna. Na Sabiri, mume wa Husna, siku hizi akiaga anakwenda msikitini, huonekana akitokea uani kwa mjane.

"Mume wangu unamtaka, sema!"

"Shoga, mumeo ana njaa! Unampikia mboga chapwa, chumvi hata punje. Watu wanasema umemwekea dawa. Nikamwonea huruma, nikawa nampa samaki wa ng'onda. Mkavu, chumvi imekolea. Ndiyo dhambi yangu hiyo."

"Ng'onda?"

"Analamba mpaka vidole."

Husna alikuja na matusi ya kugombea mapenzi. Yote yakamkauka mdomoni. Afadhali angekuwa hawara.

Simu ikalia kwenye pindo la kanga. Ujumbe wa Yuditha, nesi wa Korogwe:

"Dada, majibu ya damu yamerudi toka Dar. Yamepanda sana kuliko ya kwanza. Dokta anauliza, chumvi kaacha kweli? Mlete kesho asubuhi."

"Damu na chumvi wapi na wapi?" Mwantumu akauliza, akichungulia simu, sauti imeshuka.

"Moyo wake umechoka. Moyo ukielemewa unatoa homoni fulani kwenye damu, ndiyo wanayoipima. Ikizidi kupanda, mtu yuko pabaya. Na chumvi inajaza maji mwilini, moyo unazidi kuelemewa. Ile miguu iliyovimba ulidhani kanenepa?"

"Moyo wa nani?"

Sabiri alikuwa ameshika mwimo wa mlango wa nyumba yake, anahema kama aliyetoka Kwamsisi mbio.

Husna akageuka taratibu.

"Uliniambia ni uchovu," Sabiri akasema.

"Nilimwomba dokta aniachie nikwambie mwenyewe. Kila nikifungua mdomo, nashindwa. Niliogopa hofu itakumaliza kabla ya moyo."

"Mimi nikajua umenichoka. Kwetu mwanamke akimchoka mume, humpikia chapwa mpaka aondoke mwenyewe."

"Sabiri! Na mimi nilikuwa nakula hiyo hiyo. Hukuona?"

Hakuona. Akainamisha kichwa.

"Nitapona?"

"Sijui, mume wangu. Dokta hakuniahidi kitu."

Mwantumu akachukua bakuli lake mkononi mwa Husna, machozi yanamtiririka, akaanza kuondoka.

"Unakwenda wapi?" Husna akamwita.

"Nimemuua mumeo, shoga."

"Bado yuko hai. Tumemlisha sote, wewe chumvi, mimi uongo." Akafuta uso kwa kanga. "Ugali umeiva, na mchicha, chapwa vile vile. Ingia unawe, tule."

Sabiri akasogea kando ya mlango, akampisha Mwantumu apite.