Kitanda cha Pili Ndani ya Meli

Siku hiyo Veneranda alikuwa akikaanga samaki wa migebuka ufukweni Kigoma kama kawaida, akiwapikia wapiga mbizi waliokuja kuchunguza ile meli ya Mjerumani iliyozama. Jua lilikuwa kali, ziwa limetulia, watoto wanaoga. Nani angejua?

Meli yenyewe ilikuwa ya mvuke. Ilizamishwa kwa mizinga wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na wachochea moto wake, vijana wa Ujiji, wakazama nayo. Maiti hazikupatikana. Wazee wakafuata desturi: kila nyumba ikakata mgomba, ikauvisha sanda, ikauzika badala ya mtu wake na kuuambia, "Nenda, sisi tunabaki." Asiyeambiwa hivyo haendi. Anayebisha na abishe.

Veneranda alikuwa mkimbizi kutoka Burundi. Mtumbwi wao ulipinduka usawa wa meli ile ile. Yeye akaokolewa, mumewe Hatungimana akaenda na maji. Miaka mitatu alikataa kuzika mgomba. Alilala bila kukomea mlango, huenda mtu akarudi. Honorata, mwenye nyumba wake pale mtaa wa Kasingirima, alimsihi mpaka akachoka.

"Mwanangu, kusubiri kutakuua."

"Upweke umeshaniua, mama."

Wiki ile hatimaye alikubali. Waliuzika mgomba nyuma ya nyumba, umeviringishwa kitenge chake cha harusi, cha kijani chenye ndege. Honorata akamwambia aage. Veneranda akainama. Lo, moyo nao una yake! Badala ya kuaga, alinong'ona kwa Kirundi, "Undindire." Unisubiri. Honorata hakusikia.

Basi, siku hiyo ya migebuka, Feliksi, mpiga mbizi wa pale pale Kigoma, aliibuka kabla ya wenzake. Akaja kuchuchumaa kando ya jiko kuota moto, na jua lote lile.

"Dada," alinong'ona, "leo tumefungua chumba ambacho hakijafunguliwa tangu meli izame. Kina vitanda viwili vya chuma. Kimoja kimelazwa mgomba. Mbichi. Umefungwa kitenge."

"Cha rangi gani?"

"Kijani. Kina ndege."

Samaki wakaanza kuungua. Hakuna aliyewageuza.

"Na kitanda cha pili?"

"Kitupu. Ila kimetandikwa mkeka. Una ukingo mwekundu."

Veneranda alikimbia nyumbani. Kaburi halikuguswa, udongo bado ulikuwa na alama za viganja vyake. Akaingia chumbani. Mkeka wake wenye ukingo mwekundu haukuwepo. Pale ulipokaa palikuwa na maji.

Alimweleza Honorata yote. Mama wa watu akashika kichwa.

"Ole wetu! Twende ukamuage sasa hivi. Mwambie aende!"

Veneranda alisimama kaburini. Hakumwambia aende. Aliogopa, ndiyo. Lakini miaka yote hiyo, katika nchi ya watu, hakuna mwingine aliyewahi kumtandikia mahali pa kulala.

"Kesho, mama," alisema.

Kesho yake hakuwepo. Sufuria zake zilikutwa zimeoshwa na kupangwa vizuri. Ndara zake zilikuwa ufukweni.

Feliksi alishuka kumtafuta. Mlango wa chumba kile, aliouacha wazi, aliukuta umefungwa. Akausukuma. Ulikuwa umekomewa kwa ndani. Pindo la kitenge lilikuwa limebanwa mlangoni. Na kwa mazoea tu, kama mtu aliyefika kwa jirani, akabisha hodi.

Ndani wakajibu. Kwanza pigo zito. Kisha jepesi, la mkono wa mwanamke.

Siku hizi Feliksi anauza vipuri vya baiskeli mtaa wa Buzebazeba, hata kunawa ziwani hataki. Ukisalimiana naye, tazama vifundo vya vidole vya mkono aliobishia. Vina kutu. Amesugua kwa sabuni, amesugua kwa mchanga, haitoki.